Daraja Lililokunjwa

Mgeni aliingia bila hodi, akaweka picha juu ya meza ya kioo, akauliza, "Dada, daraja hili liko wapi?"

Mwamini alikuwa ameinamia taa ndogo, penseli yenye ncha kama sindano mkononi, akisahihisha negativu, ile filamu inayozaa picha, ya bwana mmoja wa Remera aliyetaka kovu la shavuni lisionekane. Kazi ile haitaki kushtuliwa. Penseli iliteleza, na bwana wa Remera akapata mvi kwenye nyusi.

"Watu huanza na salamu," alisema bila kuinua kichwa.

"Samahani. Muraho. Habari za hapa. Habari za kazi. Daraja hili liko wapi?"

Hapo Mwamini akainua kichwa. Aliona kijana mrefu mwenye begi la turubai begani na shati jeupe lililokwisha kugeuzwa rangi na vumbi la Agosti. Alikuwa amechoka miguu, hilo lilionekana, lakini macho yake hayakuwa yamechoka. Yalimtazama kana kwamba yeye peke yake, katika Kigali nzima, ndiye mwenye jibu. Mwamini akajikuta anarekebisha mtandio wake.

Akaivuta picha. Bwana na bibi, vijana kabisa, walikuwa wamesimama mbele ya daraja la mawe lenye matao matatu, bibi mwanzo wake, bwana mwisho wake. Chini yake maji yametulia, bata weupe wawili wanaogelea. Mbali kuna mlima wenye theluji. Nyuma ya picha kulikuwa na muhuri wa zambarau wa hapahapa: Studio Nuru, Nyakabanda, Kigali, 1958.

"Naitwa Révérien Gatera," kijana alisema. "Nimemaliza masomo ya historia Butare. Nakusanya picha za zamani za mji huu, halafu narudi palepale zilipopigwa, napiga nyingine. Ya zamani na ya sasa, mbilimbili. Ninazo jozi tisa. Hii ya kumi imenishinda. Nimetembea bonde lote la Nyabugogo. Nimefika mpaka mto Nyabarongo. Mzee mmoja wa Remera ameniapia kwamba alilivuka daraja hili akiwa mtoto, na kwamba lilichukuliwa na mafuriko."

Mwamini alibana midomo. Alijaribu kufikiria mambo ya huzuni. Haikusaidia.

"Shangazi!" aliita. "Shangazi Shakira, njoo umwone mtu anayetafuta daraja!"

Shangazi Shakira alitoka uani na pasi ya makaa mkononi. Akaitazama picha. Akamtazama kijana kuanzia viatu mpaka nywele. Kisha akaweka pasi chini, akakaa kwenye benchi la wateja, akacheka mpaka akalazimika kufunga kitenge upya.

"Mwanangu," alisema akijifuta macho, "daraja lako liko stoo, nyuma ya magunia ya mchele. Ukilivuka uwe mwangalifu, usije ukaanguka kwa bata."

Walilitoa watu wawili, Mwamini akishika mwisho mmoja na Gatera mwisho wa pili, wakalikunjua uani. Lilikuwa pazia la turubai, kimo cha mtu na nusu, limechorwa kwa rangi ya mafuta na fundi kutoka Bukavu ambaye hakuwahi kuona theluji wala bata wa aina ile. Panya walikuwa wamekula kipande cha mlima.

Mwamini alisubiri kuona aibu kwenye uso wa kijana. Hakuiona. Gatera alichuchumaa, akaligusa tao la kwanza kwa kidole kimoja, polepole.

"Na yule mzee wa Remera?"

"Labda aliletwa hapa kupigwa picha akiwa mdogo," Shangazi Shakira alisema. " Watoto tuliwaacha wakimbie mbele ya pazia mpaka wachoke, ndipo wasimame sawasawa. Kwake yeye amelivuka."

Gatera alitoa daftari. Mwamini alidhani atafuta alichoandika kuhusu mzee yule. Badala yake aliandika mstari mwingine chini yake.

"Hukasiriki?" Mwamini aliuliza. "Umeharibu soli zako bure."

"Si bure," alisema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Miezi miwili nimetafuta mahali. Kumbe nilitakiwa kuwatafuta watu waliotamani mahali."

Mwamini alirudi kwenye penseli yake, na bwana wa Remera akapata mvi ya pili.

*

Mzee Twahiru, baba yake Mwamini, macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Picha aliisogeza mpaka karibu na pua.

"Huyu ni Rutayisire, fundi seremala," alisema. "Na huyu ni mchumba wake, Nyirahabimana. Niliwapiga mimi mwenyewe. Viatu ni vyetu."

"Viatu ni vyenu?" Gatera aliuliza.

"Vya studio. Wakati ule si kila bwana harusi alikuwa na viatu. Tulikuwa na jozi moja pale msumarini, na koti, na tai. Aliyekuwa na mguu mkubwa alikunja vidole."

Gatera alifunua daftari lake taratibu, uso umemshuka. "Mzee, nina mabwana harusi watatu wa miaka ile wenye viatu vya namna moja. Nimeandika ukurasa mzima kwamba ilikuwa fasheni ya Kigali."

Shangazi Shakira alikimbilia uani ili acheke kwa heshima.

Lakini Mzee Twahiru hakucheka. Kijana alipoondoka, alibaki akigeuzageuza tasbihi.

"Anataka sura za watu za nini?"

"Kuzihifadhi, Baba. Zisipotee."

"Siku hizi mtu akikuuliza babu yako alikuwa nani, unafunga mlango kwanza. Mimi nimekaa na sura za mji huu zaidi ya miaka arobaini. Picha ni amana, Mwamini. Mtu anakuachia uso wake na kwenda zake. Humpi mwingine bila neno lake. Huyo kijana anajua hilo? Au kwake zote ni karatasi?"

"Anajua, nadhani."

"Unadhani." Akamwelekezea yale macho yenye ukungu. "Na mbona umenijibu haraka hivyo? Anaitwa Révérien. Hata jina lake limevaa kanzu ya padri. Usinifanye nilikumbuke sana hilo."

*

Gatera aliendelea kuja. Mara ameleta picha ya kusafishwa, mara anauliza karatasi za picha, mara hana cha kuuliza kabisa na anashika fagio. Mwamini alijifunza mlio wa hatua zake kwenye changarawe. Alijifunza pia habari yake, kidogokidogo, kati ya mteja na mteja.

Kulikuwa na ukumbi mmoja mjini ambao mmiliki wake alikuwa amekubali kuonyesha picha zake, na kama zingependwa, kumpa kazi ya kutunza picha za zamani hapohapo Kigali. Lakini alitaka jozi kumi. Alisema kumi, na mwisho ni Ijumaa ya mwisho ya Agosti. La sivyo, Gatera alikuwa na barua ya ualimu mfukoni kutoka shule moja ya mbali, Kibungo. Angeripoti Jumatatu inayofuata.

"Jumatatu ipi?" Mwamini aliuliza.

"Inayofuata."

Baada ya kitambo akauliza tena, "Ulisema Jumatatu ipi?" Gatera aliacha kufagia, akamtazama. Ndipo Mwamini alipojua kwamba wote wawili walikuwa wakizihesabu siku.

Rutayisire alikuwa amekufa. Mjane wake waliambiwa yuko Masaka, nje kidogo ya mji, analima. Walikwenda Jumamosi, watatu, kwa sababu Shangazi Shakira alisema ghafla kwamba anapenda sana viazi vya Masaka.

Nyirahabimana alikuwa mwanamke mwembamba, mgongo ulionyooka kama mti wa mkaratusi. Alishika ile picha kwa ncha za vidole vyenye udongo.

"Alikunja vidole siku hiyo," alisema. "Viatu vilimbana. Alinong'ona, 'Siku moja nitakuvusha daraja la kweli, kubwa kuliko hili.' Sisi watu wa mlimani, tutavuka daraja gani? Nilicheka, na Twahiru akanigombeza kwa sababu nilitikisika."

"Na alikuvusha, Mukecuru?" Gatera aliuliza kwa upole, akimwita kama aitwavyo bibi mzee kwao.

"Alinivusha mengine."

Kuku walipita kati yao. Kisha akasema, "Nitakuja. Nataka kusimama pale tena. Lakini nina neno. Picha iwe moja, na iwe yangu. Na ile nyeusi inayozaa picha, nayo nipewe. Nimewaambia watoto wangu, siku yangu ikifika, wanizike nayo. Hiyo ni ya Rutayisire na mimi. Sitaki itundikwe ukutani watu wanitazame wakinywa Fanta."

Mwamini alimgeukia Gatera. Jozi ya kumi ilikuwa imesimama mbele yake, na mlango wake ulikuwa unafungwa.

"Ndiyo, Mukecuru," alisema. "Moja, na ile nyeusi. Nakuahidi."

Njiani kurudi, Shangazi Shakira, kapu la viazi magotini, alimtazama Gatera kwa jicho la pembeni na kusema, "Wewe kijana ni mjinga." Baada ya muda akaongeza, "Lakini nimewahi kuona wajinga wabaya zaidi."

*

Nyirahabimana alikuja Jumatano, saa nane, mwanga wa dirisha ulipokuwa laini. Alivaa mushanana, vazi la sherehe la kufungwa begani, la rangi ya ndizi mbivu. Mzee Twahiru alitoka chumbani kumpokea, wakashikana mikono muda mrefu, wazee wawili ambao mara ya mwisho walipokuwa mbele ya pazia lile walikuwa vijana.

Mwamini alimweka mahali pake, upande wa kushoto, kama kwenye picha ya zamani. Gatera aliinama nyuma ya kamera.

"Ngoja," mama yule alisema.

Akaangalia upande wa kulia, pale ambapo hapakuwa na mtu. Akainua pindo la nguo yake kidogo, kama mtu anayeogopa kuilowesha. Akapiga hatua tatu mbele ya matao matatu, akasimama mahali alipokuwa amesimama mume wake.

"Sasa piga."

Kamera ililia mara moja tu. Gatera alibaki ameinama nyuma yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipoinuka, macho yake yalikutana na ya Mwamini, na ya wote wawili yalikuwa yamejaa machozi, na hakuna aliyeyaficha.

*

Kesho yake waliisafisha. Chumba cha giza kilikuwa kidogo, taa nyekundu, harufu kali ya dawa. Shangazi Shakira alikuwa amepeleka meza yake ya pasi mpaka mlangoni.

"Naona kimya humo!" aliita. "Picha haziongei, lakini watu huongea!"

"Tunahesabu sekunde, Shangazi!"

"Hesabuni kwa sauti!"

Wakahesabu kwa sauti, wakicheka, na kwenye sinia la dawa sura ya Nyirahabimana ikapanda polepole kutoka kwenye weupe wa karatasi. Kwanza macho, kisha nguo, kisha daraja lote, na yeye yuko ng'ambo. Waliacha kucheka. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote tisa.

Gatera alichukua ndoo kwenda kuleta maji uani. Mwamini akabaki peke yake. Alitazama ile picha. Alifikiria ukumbi mjini, na ukuta wenye nafasi ya jozi ya kumi, na hatua kwenye changarawe kila asubuhi, mwaka mzima, miaka yote. Kisha akafikiria Jumatatu. Mkono wake ukaingia kwenye boksi la karatasi, ukatoa nyingine.

Gatera aliporudi, kwenye maji zilikuwa zinaelea picha mbili.

"Mbili," alisema.

"Ya pili ni yako." Mwamini alinong'ona, lakini aliongea haraka. "Anakaa Masaka. Hasomi magazeti, haendi kwenye kumbi. Hatajua. Kesho ni Ijumaa, Révérien."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita jina hilo. Aliona limemgusa. Gatera aliiinua ile picha kwa koleo, maji yakidondoka, akaitazama kama mtu mwenye njaa anavyotazama sahani ya jirani.

"Unajua ninavyoitaka."

"Najua. Ndiyo maana."

"Wote niliokusanya picha zao wamekufa. Hawawezi kunikataza. Huyu ndiye wa kwanza kuniambia neno, na nilimjibu ndiyo."

"Ukibaki Kigali..." Hakuweza kumaliza.

"Nikibaki kwa hii, kila ukinitazama utakumbuka nimebakije. Leo utanishukuru. Siku nyingine nitakuambia nimekuahidi jambo, na utajiuliza kama ni kweli."

"Basi nenda!" Hasira ilimpanda ghafla, hasira ya mtu aliyetoa kitu na kurudishiwa. "Nenda Kibungo na ndiyo yako! Uwafundishe watoto habari za viatu!"

Gatera alimtazama, na ndani ya mwanga ule mwekundu machozi hayana rangi, kwa hiyo Mwamini hakujua kama aliyaona. Mwishowe Gatera akasema, "Hata kuichana si haki yetu. Tumpe zote mbili."

"Sasa sisikii hesabu!" Shangazi Shakira aliita.

"Tumemaliza, Shangazi," Mwamini alisema.

*

Nyirahabimana alikuja Jumapili baada ya misa, na kikapu chake kichwani. Mzee Twahiru alimpa kiti, Gatera akampa bahasha kwa mikono miwili. Begi lake la turubai lilikuwa limejaa, limeegemea ukuta.

Mama yule alitoa vilivyomo, akavipanga mapajani. Akakunja uso.

"Nilisema moja."

Mwamini akasogea mbele.

"Ya pili ni kosa langu, Mukecuru. Niliisafisha kwa siri. Nilitaka... nilitaka yeye abaki nayo. Alikataa. Akasema zije kwako zote."

Mzee Twahiru aligeuza kichwa polepole, si kwa binti yake, bali upande kilikokuwa kivuli kirefu cha kijana.

"Jana alipita hapa kuniambia wamemkataa mjini," alisema. "Hakusema zaidi. Kijana, Ijumaa ulikwenda na jozi ngapi?"

"Tisa, Mzee."

"Na hii ilikuwa wapi?"

"Ndani ya bahasha, Mzee. Ndani ya begi."

"Hukuitoa."

"Hapana."

Nyirahabimana alikuwa ameinua negativu kwenye mwanga wa dirisha. "Mana yanjye, Mungu wangu," alisema, "nimekuwa mweupe kama mzungu, na meno meusi." Akacheka peke yake, kicheko kifupi cha msichana. Kisha akaifunga pamoja na picha zote mbili ndani ya kitambaa, akaweka kikapuni, akasukumia chini kabisa. Mwamini alikuwa na tumaini dogo la kijinga kwamba angebadili mawazo, angebakisha moja. Hakubakisha. Alimshika Gatera mkono.

"Murakoze, asante, mwanangu," alisema. Akaenda zake.

Waliobaki hawakujua waangalie wapi. Pazia lilikuwa bado limetundikwa tangu Jumatano. Mzee Twahiru alilielekea, akipapasa hewa, mpaka vidole vikagusa turubai.

"Lishusheni hili. Vumbi linaliharibu."

Walilishusha. Mwamini alishika mwisho mmoja, Gatera mwingine, wakaanza kulikunja, kila mmoja akitembea kumwelekea mwenzake, theluji, maji, bata, tao la tatu, la pili, la kwanza. Vidole vyao vilipokutana katikati, hawakuviondoa haraka. Mzee Twahiru alikuwa amesimama hatua mbili, akisikiliza.

"Nisamehe kwa siku ile," Mwamini alisema chinichini.

"Siku ipi?" Gatera aliuliza chinichini vilevile.

Mzee alikohoa.

"Shule zenu hufungwa lini?"

Gatera aligeuka, hakuamini sawasawa. "Desemba, Mzee. Kabla ya Noeli."

"Noeli utakula kwenu, na wazazi wako. Lakini siku ya pili yake hapa huwa panajaa, watu wamevaa nguo mpya, kila mmoja anataka daraja." Alipapasa turubai lililokunjwa, kama mtu anayepapasa mgongo wa ng'ombe wake. "Pazia hili ni zito. Halitundikwi na mtu mmoja."

Shangazi Shakira, mlangoni, aligeuza uso na kupuliza makaa ya pasi yake, ingawa siku hiyo ilikuwa Jumapili na hapakuwa na nguo ya kupiga pasi.

"Nitakuja, Mzee," Gatera alisema.

Na Mwamini, ambaye wiki moja iliyopita angemtaka aape, hakuuliza lolote.